Heshima ya "Haijulikani": Uhakiki wa Maandishi ya Nasaba za Walowezi wa Kiingereza Katika Makoloni ya Marekani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mapokeo ya uandishi wa nasaba za walowezi wa Kiingereza waliohamia Marekani katika karne ya 17. Yanalinganisha kamusi ya James Savage (1860–1862) na mradi wa Robert Charles Anderson ulioanza kuchapishwa mwaka 1995, kisha yanazirejelea nyaraka zenyewe: orodha ya abiria wa Mayflower iliyoandikwa na William Bradford, orodha ya kaya za Virginia ya mwaka 1625 na hati za ardhi za koloni hilo. Hoja inayojengwa ni kwamba ubora wa nasaba hupimwa kwa namna mwandishi anavyolishughulikia jambo asilolijua. Kwa kipimo hicho Anderson amempita Savage kwa mbali. Hata hivyo, haki ya kuandikwa kuwa mtu ambaye asili yake "haijulikani" imetolewa kwa Waingereza peke yao, ilhali watu wengine waliotajwa katika nyaraka zilezile wameachwa nje ya nasaba kabisa. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha maana ya jambo hilo kwa watafiti na kwa wanaopanga sera za nyaraka.

1.0 Utangulizi

Ni koo chache duniani ambazo zimefuatiliwa kwa bidii kama koo za Waingereza waliovuka Atlantiki katika karne ya 17. Chama cha New England Historic Genealogical Society kiliundwa Boston mwaka 1845, na jarida lake limekuwa likichapishwa tangu 1847. Waliohamia New England kati ya mwaka 1620 na 1640 wanakadiriwa kuwa watu 20,000 hivi, na wazao wao leo huhesabiwa kwa mamilioni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, shauku ya kuwatafuta mababu hao ilipata taasisi zake. Chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani kiliundwa mwaka 1890, na chama cha wazao wa abiria wa Mayflower mwaka 1897. Kuingia katika vyama hivyo kulihitaji uthibitisho wa nasaba, hivyo karatasi ya ukoo ikawa cheti cha hadhi. Mwanahistoria François Weil, katika kitabu chake Family Trees (2013), ameonyesha jinsi shauku hiyo ilivyofungamana na hofu za rangi na za wahamiaji wapya katika kipindi hicho.

Kwa kawaida maandishi haya husomwa kama ghala la majina. Msomaji huingia, huchukua babu anayemtafuta, hutoka. Makala haya yanayasoma kwa namna nyingine. Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuzisoma tarehe za miji ya pwani, kama vile Habari za Pate, wakijua kwamba ni matini zenye msimulizi, mpangilio na maslahi, na kwamba orodha ya watawala ni hoja ya kisiasa kama ilivyo kumbukumbu. Nasaba ya mlowezi wa Massachusetts inastahili usomaji uleule. Nayo ina msimulizi aliyeamua nani awe kichwa cha habari, nani atajwe ndani ya habari ya mwingine, na nani asitajwe.

2.0 Nyaraka na mitego yake

Mtafiti wa nasaba hizi huanza Uingereza. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Madaftari yaliyosalia, pamoja na wasia zilizothibitishwa katika mahakama za kanisa, ndiyo msingi wa kazi upande wa mashariki wa bahari. Upande wa magharibi kuna kumbukumbu za miji, za makanisa, za mahakama na za mirathi. Baina ya pande hizo mbili daraja ni jembamba. Orodha za abiria zilizosalia ni chache. Iliyo bora ni ya bandari ya London kwa mwaka 1635, yenye majina ya watu karibu 5,000 waliokuwa wakielekea makoloni ya Marekani.

Mtego wa kwanza ni jina. Mtu aitwaye John Smith aliyebatizwa Suffolk na mtu aitwaye John Smith aliyepewa kiwanja Massachusetts hawawi mtu mmoja kwa sababu tu majina yamelingana na umri unakaribiana. Lazima pawe na ushahidi wa kuwaunganisha: wasia wa Uingereza unaomtaja mwana aliyeko ng'ambo, barua, kesi, au kundi la majirani waliosafiri pamoja. Katika historia ya makoloni haya walikuwapo makapteni wawili walioitwa William Peirce. Mmoja aliishi Virginia na alikuwa mkwe wa John Rolfe kwa maana ya baba wa mkewe. Mwingine alikuwa nahodha wa merikebu huko New England na aliuawa mwaka 1641. Walikuwa na jina moja, cheo kimoja na kizazi kimoja, lakini walikuwa watu wawili. Wote wawili watarejea katika makala haya.

Mtego wa pili ni kalenda. Hadi mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake zilifuata kalenda ya Julius, na mwaka ulianza rasmi tarehe 25 Machi. Walowezi wa madhehebu ya Kipuriti walipendelea kuitaja miezi kwa namba, na mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi. Basi "mwezi wa pili" ni Aprili, na Februari ni mwezi wa 12 wa mwaka unaomalizika. Msomaji wa pwani anayeihesabu miezi kuanzia Mfungo Mosi hatashangazwa na hesabu inayoanzia mahali pengine. Wasomaji wa karne ya 19 walijikwaa mara nyingi. Ikiwa ndoa ilifungwa Aprili 1634 na mtoto akabatizwa Februari 1634, msomaji asiyeijua kalenda hiyo atadhani mtoto alitangulia ndoa kwa miezi miwili. Ukweli ni kwamba alikuja miezi kumi baadaye. Heshima ya mwanamke aliyekufa zamani inaweza kuharibiwa kwa kutojua mwaka ulianza lini.

Mtego wa tatu ni istilahi za udugu. Katika Kiingereza cha karne ya 17, neno ambalo leo humaanisha binamu lilimhusu pia mpwa. Neno la "kaka" lilimhusu shemeji, na hata muumini mwenza wa kanisa. Neno linalomaanisha mkwe wa kiume lilimhusu pia mtoto wa kambo. "Mkubwa" na "mdogo" baada ya jina havikumaanisha baba na mwana: vilitofautisha watu wawili wenye jina moja katika mji mmoja, hata kama hawakuwa na uhusiano. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida. Anajua kwamba "ndugu" ni neno pana, kwamba "baba mdogo" si baba mzazi, na kwamba ili kujua nani ni nani lazima aulize, "Ndugu kwa nani, upande gani?" Swali hilo la barazani ndilo ambalo wananasaba wengi wa karne ya 19 walisahau kuliuliza.

3.0 Savage na Anderson: sentensi na shahidi wake

James Savage (1784–1873) alikuwa mtu wa Boston, rais wa Massachusetts Historical Society kwa miaka mingi na mhariri wa shajara ya gavana John Winthrop. Kazi yake kubwa, A Genealogical Dictionary of the First Settlers of New England, ilitoka katika majuzuu manne kati ya 1860 na 1862. Iliijengea juu kazi ya John Farmer ya mwaka 1829 na kukusudia kuonyesha vizazi vitatu vya waliofika kabla ya Mei 1692. Kwa mtu mmoja kufanya kazi hiyo bila mashine ya kunakili wala faharasa za kisasa ni jambo la kustaajabisha, na hadi leo watafiti huifungua kwanza wanapokutana na jina wasilolijua.

Hata hivyo, mtindo wake una dosari ambayo haikutokana na uvivu. Ilitokana na dhana ya mamlaka. Savage huandika kwa vifupisho, sentensi zimebanana, na kwa sehemu kubwa hasemi habari imetoka wapi. Anapoandika kwamba fulani alizaliwa mwaka fulani na kumwoa fulani, msomaji hana njia ya kujua kama habari hiyo imetoka katika daftari la mji, katika barua ya mzao mwenye kujipendekeza, au katika makisio yake mwenyewe. Maneno ya "huenda" na "yaelekea" yamejaa katika kurasa zake. Ni dalili za uaminifu, lakini "huenda" isiyotaja sababu haiwezi kupimwa. Baada ya kunakiliwa na vitabu vitatu vya familia, "huenda" hudondoka njiani na dhana hugeuka tarehe.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Donald Lines Jacobus (1887–1970), aliyeanzisha mwaka 1922 jarida lililokuja kuitwa The American Genealogist, alisisitiza kwamba nasaba ichunguzwe kwa ukali uleule unaotumika katika taaluma nyingine za ushahidi. Robert Charles Anderson aliubeba mwelekeo huo hadi kwenye mradi wa Great Migration, ulioanza mwaka 1988 chini ya chama cha Boston. Majuzuu matatu ya The Great Migration Begins, yanayohusu waliofika kati ya 1620 na 1633, yalitoka mwaka 1995. Yakafuatwa na majuzuu saba ya waliofika mwaka 1634 na 1635, yaliyokamilika mwaka 2011.

Tofauti kati ya waandishi hawa wawili inaonekana katika umbo la ukurasa. Anderson ameigawa habari ya kila mlowezi katika vichwa vidogo visivyobadilika: asili, uhamiaji, makazi ya kwanza, kuhama tena, kazi, uanachama wa kanisa, nyadhifa, mali, kuzaliwa, kifo, ndoa, watoto, mahusiano na maoni. Kila dai hufuatwa na chanzo chake. Katika sehemu ya maoni huyajadili madai ya waliotangulia na, inapobidi, huyakataa. Umbo hili linachosha kwa anayetafuta simulizi, lakini lina adabu moja kubwa: kichwa kidogo hubaki hata pale ambapo hakuna cha kujaza. Asili isipojulikana, Anderson huandika kwamba haijulikani. Hakifuti kichwa wala hakijazi kwa kisio.

Adabu hiyo ndiyo mchango wa kihakiki wa mradi mzima. Kwa Savage, pengo hufichika ndani ya sentensi iliyobana. Kwa Anderson, pengo limepewa mahali pake katika ukurasa, na mtafiti anayefuata anajua pa kuanzia. Mfano ulio wazi ni wa wake za walowezi. Mary, mke wa mzee William Brewster wa Mayflower, amepachikwa majina kadhaa ya kwao na waandishi waliotaka kumwunganisha na familia zenye hadhi, lakini hakuna lililothibitishwa. Rose na Barbara, wake wawili wa Miles Standish, nao majina ya kwao hayajulikani. Sheria ya Uingereza ilimfunika mke ndani ya mume, na daftari likafuata sheria. Kuacha nafasi tupu palipo jina la kwao mwanamke kunamwachia msomaji ushahidi wa jinsi alivyofunikwa. Kulijaza kwa jina la kubuni kunaufuta hata ushahidi huo.

4.0 Mwenye kughushi kama mwandishi

Haja ya adabu hii inaeleweka vizuri zaidi anapotazamwa aliyeikiuka kwa makusudi. Gustave Anjou (1863–1942), mzaliwa wa Uswidi aliyeishi New York, aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba nyingi zilizowaunganisha na koo tukufu za Ulaya. Anderson mwenyewe alizichambua mwaka 1991 na kuonyesha mbinu zake. Anjou hakubuni kila kitu. Alitaja nyaraka nyingi za kweli ambazo yeyote angeweza kuzikagua, kisha katikati yake akapachika hati moja ya uongo, mahali hasa palipohitajika kiungo kati ya mlowezi na ukoo wa Uingereza.

Kwa jicho la mhakiki, Anjou aliujua msomaji wake kuliko alivyozijua nyaraka. Alijua kwamba mteja aliyelipia nasaba hataki kuambiwa kuwa babu yake alitokea pasipojulikana. Uongo wake ulikaa palepale ambapo Anderson huandika "haijulikani". Kwa hiyo wawili hao wanashughulikia nafasi moja ya ukurasa, na kinachowatenganisha ni uamuzi wa kimaadili kuhusu nafasi hiyo. Madhara hayajaisha, kwa kuwa nasaba za Anjou ziliingia maktaba, zikanakiliwa na kuendelea kurithiwa na watu wasiojua zilikotoka.

5.0 Watoto wanne na orodha ya Bradford

Nguvu ya ushahidi mwaminifu inaonekana katika kisa cha watoto wa More. Mnamo 1651 hivi gavana William Bradford wa Plymouth aliandika orodha ya waliokuja kwa Mayflower mwaka 1620, abiria wapatao 102 ambao nusu yao hivi walikufa kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Aliwapanga kwa kaya: bwana kwanza, kisha mke, watoto, watumishi, na watoto waliokabidhiwa. Orodha hii ndiyo nguzo ya nasaba zote za Mayflower, na mpangilio wake umerithiwa na vitabu vyote vilivyofuata. Ndani yake mjakazi wa gavana John Carver hana jina, ingawa Bradford anakumbuka kwamba aliolewa na kwamba alikufa muda mfupi baadaye.

Katika kaya tatu za orodha hiyo wamo watoto wa ukoo wa More: Jasper kwa Carver, Ellen kwa Edward Winslow, Richard kwa Brewster. Kuhusu wa nne, Bradford anaandika kuwa kwa Brewster alikuwapo pia kaka mwingine wa Richard, bila kumtaja jina. Kwa karne nyingi wasomaji walidhani ni yatima waliosaidiwa na watu wema. Nyaraka za familia, zilizojadiliwa na Anthony Wagner mwaka 1960, zilileta habari nyingine. Watoto hao walibatizwa Shipton, Shropshire. Mama yao Katherine More aliozwa mwaka 1611 kwa jamaa yake Samuel More, katika ndoa iliyokusudiwa kuhifadhi shamba la ukoo. Baadaye Samuel aliwakana watoto wote wanne akidai ni wa mwanamume mwingine, akamnyang'anya mama, na mwaka 1620 wakapelekwa London na kupandishwa merikebuni. Watatu walikufa mapema. Richard peke yake aliishi, akazeeka na kufia Salem.

Yule "kaka" asiyetajwa jina alikuwa msichana aliyeitwa Mary. Miaka 30 ilitosha kumpotezea jina na jinsia yake katika kumbukumbu ya mtu mwadilifu aliyesafiri naye chombo kimoja. Bradford hakughushi, alisahau, na alichokisahau kilifuata ngazi ya jamii yake. Majina ya mabwana alikuwa nayo, ya baadhi ya watumishi na watoto wa kukabidhiwa yakamtoka. Hata nyaraka aminifu kabisa husahau kwa mpangilio, na anayezitumia bila kuuona mpangilio huo huurithi.

Kisa hiki kinafundisha jambo jingine. Wanaojivunia leo kushuka kutoka kwa Richard More wanajivunia mtoto aliyetupwa na baba wa kisheria kwa sababu ya shaka kuhusu nasaba. Hati ya chama cha wazao imemrudisha kwenye ukoo yule ambaye ukoo ulimtoa.

6.0 Virginia: kichwa, ardhi na jina

Kusini mwa New England utafiti una sura nyingine. Kuanzia mwaka 1618 koloni la Virginia lilitoa ekari 50 za ardhi kwa kila mtu aliyesafirishwa, na ardhi hiyo ilipewa aliyelipa nauli. Waliohamia huko kwa sehemu kubwa walikuwa watumishi wa mkataba, waliouza miaka kadhaa ya kazi yao ili wavuke. Hati za ardhi, zilizofupishwa na Nell Marion Nugent katika Cavaliers and Pioneers (juzuu la kwanza, 1934), zimejaa majina ya watu hao. Nyaraka nyingine nyingi za koloni zimepotea. Kumbukumbu za wilaya ya James City, iliyokuwa kitovu cha makazi ya kwanza, ziliteketea Richmond mwaka 1865, mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hati hizi huwadanganya wanaozisoma haraka. Tarehe ya hati ni tarehe ya kudai ardhi na huenda mtu alifika miaka mingi kabla. Haki ya ardhi iliuzwa mkono kwa mkono, hivyo mtu aliyetajwa huenda hakuwahi kumwona mwenye hati. Jina moja lilidaiwa zaidi ya mara moja. Mwenye bidii anayepata jina la babu yake humo amepata habari moja ya hakika: kwamba mtu fulani alilihesabu jina hilo kuwa ekari 50. Hata jina la kitabu lina kasoro. Linawaweka mbele waungwana wa kifalme, ilhali kurasa zenyewe zimejaa vibarua.

Mbele ya hati hizo kuna orodha ya kaya za Virginia ya mwaka 1625, iliyotaja watu, umri, merikebu na akiba ya kila nyumba. Ndiyo hazina ya kwanza ya nasaba za Kiingereza katika koloni hilo. Katika kaya ya kapteni William Peirce, yule wa Virginia, ametajwa mwanamke Mwafrika aitwaye Angelo, ambaye wanahistoria humwita Angela, pamoja na merikebu iliyomleta, Treasurer. Katika kaya ya kapteni William Tucker wametajwa Antoney na Isabell, Waafrika, na mtoto wao William aliyebatizwa. Huyu wa mwisho ana kila kinachohitajika ili kufungua habari ya nasaba: jina la baba, jina la mama, ubatizo na mahali. Kuna walowezi wa Kiingereza waliopewa kurasa kadhaa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

7.0 Nani anayestahili kutojulikana

Mbele ya orodha hizi, hoja ya makala inafikia kiini chake. Utetezi wa kawaida wa mapokeo haya ni kwamba Waafrika na wenyeji wa Marekani hawakuachwa kwa ubaguzi. Husemwa kwamba waliachwa kwa upungufu wa ushahidi: hawana jina la ukoo, asili yao haijulikani, uzao wao haufuatiliki. Utetezi huu ungekuwa na nguvu kama kutojulikana kungekuwa sababu ya kumwacha kila mtu. Lakini mradi wa Anderson umesimama juu ya kanuni iliyo kinyume. Mwingereza ambaye asili yake haijulikani, wazazi wake hawajulikani na jina la kwao mkewe halijulikani bado hupewa habari kamili, vichwa vyote vikiwa mahali pake. Kwa hiyo upungufu wa ushahidi hauelezi ni kwa nini wengine hawakupewa hata kichwa cha habari.

Utetezi wa pili ni wa mipaka ya mada, nao una uzito zaidi. Mradi uliotangaza kwamba unahusu wahamiaji wa Kiingereza haulazimiki kuandika kuhusu wote. Jambo hilo ni la haki, na kazi yenye mipaka iliyo wazi ni bora kuliko kazi inayodai kuwa na kila kitu. Tatizo huanza pale mpaka wa mada unapokata waraka mmoja katikati. Orodha ya mali ya marehemu humpa mtafiti majina ya warithi, na mara nyingine, mistari michache chini yake, hutaja mtu mwenye jina moja kati ya ng'ombe na vyombo, akiwa na bei. Anayewanakili warithi na kumwacha huyo amesoma nusu ya waraka. Savage ni mfano mzuri. Yeye ndiye aliyeihariri shajara ya Winthrop, iliyochapishwa chini ya mkono wake mwaka 1825 na 1826. Humo imeandikwa jinsi mateka wa Kipequot, wavulana 15 na wanawake 2, walivyosafirishwa na nahodha Peirce wa New England mwaka 1637, na jinsi merikebu yake iitwayo Desire ilivyorudi mwaka 1638 na Waafrika pamoja na pamba na tumbaku. Mhariri aliyezipitia kurasa hizo kwa makini ndiye aliyeandika kamusi ya "walowezi wa kwanza" ambamo waliosafirishwa hivyo hawana ukoo.

Uamuzi wa namna hii huzaana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Massachusetts ilipoanza kuchapisha kumbukumbu za uzazi, ndoa na vifo za miji yake hadi mwaka 1850, majina yalipangwa kialfabeti kwa jina la ukoo. Katika majuzuu mengi Waafrika, na mara nyingine wenyeji, waliwekwa mwishoni chini ya kichwa chao peke yao. Mpangaji huenda alidhani anarahisisha tu. Matokeo yake ni kwamba mtafiti anayefungua herufi anayoitaka hufunga kitabu bila kujua kuwa katika mji huohuo, na wakati mwingine katika nyumba hiyohiyo, kulikuwa na ndoa na kuzaliwa kwingine.

Kiswahili kina methali kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ikisomwa mbele ya orodha ya 1625, methali hiyo inadai kugeuzwa upande. Angela hakuiacha asili yake. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeiacha nje ya mstari, huku akikumbuka kuandika merikebu. Anayezikusanya nyaraka hizo leo ana hiari ya kurudia tendo la mshika kalamu huyo au kuliandika pengo kwa jina lake.

8.0 Hitimisho

Mapokeo ya nasaba za walowezi wa Kiingereza yamepiga hatua kubwa kutoka Savage hadi Anderson. Hatua yenyewe ni ya adabu ya ushahidi: kila dai liwe na shahidi, kila pengo liwe na mahali pake. Makala yameonyesha kwamba adabu hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, haiwezi kuishia kwa Waingereza. Kanuni iliyompa mke wa Brewster haki ya kubaki bila jina la kwao kuliko kupachikwa la uongo ndiyo inayomdai mtafiti ampe William, mwana wa Antoney na Isabell, kichwa chake cha habari, hata kama mistari chini yake itabaki mitupu.

Kwa watafiti, yapo mambo matatu ya kuzingatiwa. La kwanza ni kuusoma waraka wote wa kaya au wa mirathi na kuwaorodhesha wote waliotajwa humo kabla ya kuchagua mstari wa uzao unaotafutwa. La pili ni kutofautisha wazi kati ya lisilojulikana, lisilotafutwa na lililoachwa kwa mipaka ya mada, kwani matatu hayo huonekana sawa kwenye karatasi. La tatu ni kuzifasiri istilahi za udugu kwa upana wa zama zake. Kwa wanaopanga sera, funzo liko katika faharasa. Kila taasisi inayobadili madaftari ya zamani kuwa ya kidijitali huamua majina yatapangwaje, na mfumo usiompokea mtu asiye na jina la ukoo utamsukuma mwishoni, kama yalivyofanya majuzuu ya Massachusetts, au utamwacha kabisa. Uamuzi huo hufanywa mara moja na fundi anayejaza safu za jedwali, na hudumu kwa vizazi. Unapaswa kufanywa mezani kwa wenye dhamana, baada ya kuulizana ni nani watakaokosekana iwapo safu ya jina la ukoo itakuwa ya lazima.